Kifuani, mapajani au mkekani? Wapi pa kumlaza mtoto kifudifudi

Mlaze mtoto wa wiki tatu kifudifudi mbele ya bibi zake wawili na shangazi mmoja, na kabla hajainua pua utakuwa umeshapewa amri tatu. Mmoja atakwambia mtoto atakosa pumzi. Wa pili atakwambia kitovu hakijakauka. Wa tatu, aliyezaa saba, atacheka na kusema wake wote walilala hivyo usiku kucha na leo ni watu wazima wana watoto wao. Nilipojifungua mara ya pili, hapa Lamu, amri zilikuwa zimenichosha. Nilitaka mtu anipangie njia zote bega kwa bega, aniambie hii inafaa lini na ile inashindwa wapi. Sikumpata, basi nimeandika mwenyewe.

Kwanza jambo linalogombanisha watu nyumbani. Kulala usingizi ni kitu kimoja, na kulazwa kifudifudi ili mtoto afanye mazoezi ni kingine. Usingizi, uwe wa usiku au wa mchana, mtoto alazwe chali, kwenye godoro gumu lisilobonyea, bila mto. Uingereza walianza kampeni ya kuwageuza watoto chali 1991, madaktari wa watoto wa Marekani wakatoa ushauri huo huo 1992, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikapungua huko kwa zaidi ya nusu. Yule shangazi wa watoto saba husema mtoto akilala kifudifudi hulala fofofo. Kweli kabisa, na hatari iko hapo hapo: usingizi unakuwa mzito mno, hewa ikimpungukia haamki kwa wepesi. Simbishii kuhusu wanawe. Namwambia tu, "Shangazi, huyu akisinzia ntamgeuza," tunaendelea na chai.

Sasa upande wa pili wa sarafu hiyo. Mtoto wa miezi mitatu ya mwanzo hulala saa 14 hadi 17 kwa siku. Zote hizo yuko chali. Akiamka akatiwa kwenye pembea, chali tena. Akipelekwa barazani kwa wageni, kapakatwa, kisogo kwenye mkono wa mtu. Fuvu lake bado laini, na kisogo kinachokandamizwa siku nzima hubonyea. Kifungua mimba wangu alikuwa hivyo. Tulimlaza chumba cha ndani ambako mwanga huingia upande mmoja tu, kutoka kiwandani, ule uwazi wa katikati ya nyumba, naye akageuza kichwa kuufuata kila alipofungua macho. Tulipokwenda kudungwa sindano ya wiki ya 14, muuguzi alimshika kichwa kwa viganja viwili, akamtazama kutoka juu kama mtu anayekagua tikiti, akaniuliza, "Mama, huyu mtoto hupenda kuangalia wapi?" Ndipo nikaona: sikio la kulia limetangulia mbele kidogo kuliko la kushoto. Miezi mitatu nilimuogesha, nikampaka mafuta, nikampaka wanja, na sikuwahi kumtazama kutoka juu.

Kwa hiyo mtoto akiwa macho ageuzwe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019 likasema mtoto asiyeanza kusota wala kutambaa apate angalau nusu saa kwa siku kifudifudi, iliyogawanywa, akiwa macho. Faida yake ni shingo, mabega, mikono na mgongo. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote. Jaribu kufikiria wewe ubebe kichwa cha kiasi hicho, utajua kwa nini anatetemeka. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2020 katika jarida la Pediatrics yalionyesha kwamba watoto wanaolazwa hivi huwa na nguvu zaidi za kugeuka, kujisogeza na kutambaa, na hawabonyei sana kisogo. Lakini kuhusu kukaa na kutembea mapema hayakupata jibu la wazi. Nalisema hili kwa sababu kuna watu mtaani wanaokuuzia kila kitu kwa jina la "atatembea upesi". Wala kuhusu kichwa kilichobonyea upande mmoja, kama cha mwanangu, jibu halikuwa wazi. Pale kinachosaidia zaidi ni kumgeuza upande anaolalia na kuhamisha kinachomvuta macho. Tulimgeuza miguu ikawa kichwani pa kitanda na kichwa kikawa miguuni, basi mwanga wa kiwandani ukawa unamwita upande wa pili. Hiyo haikutugharimu hata shilingi.

Haya, tulinganishe.

Kifuani kwa mama (au kwa baba)

Pa kuanzia ni hapa, na sijaona wa kubisha. Siku ile ile ya kurudi nyumbani, hata kitovu hakijadondoka, unaweza. Egemea mito, nusu umekaa nusu umelala, mlaze kifua kwa kifua. Atatafuta uso wako. Atainua kichwa nukta mbili, kitaangukia begani, atapumzika, ataanza tena kwa shavu la pili. Hadhani kama anafanya mazoezi, na wewe huhisi kama unamfundisha, ila sikiliza anavyohema: kama mtu aliyepanda ngazi za nyumba ya ghorofa mbili na ndoo ya maji.

Uzuri wa kifua ni mteremko. Ukikaa wima, uzito wa kichwa unaoielemea shingo yake ni mdogo. Ukishuka kidogo kidogo hadi ukalala chali kabisa, kazi inakuwa karibu sawa na ya sakafuni. Wiki ya kwanza kaa wima. Kufika wiki ya nne uwe umeshuka nusu. Hakuna kifaa cha dukani chenye gia nyingi hivi.

Watoto waliozaliwa na uzito mdogo hulazwa kifuani ngozi kwa ngozi hospitalini, njia iliyoanzia Bogotá, Colombia, 1978, vitanda vya joto vilipokuwa havitoshi. Ile ni tiba yenye shabaha yake, joto na kunyonya na uzito. Naitaja kwa ajili ya wanaodhani kifua ni cha kubembelezea tu.

Kasoro zake ni tatu. Kubwa ni kwamba mama aliyekesha husinzia, na kochi ndilo baya kupita yote, maana mtoto huteleza akaingia baina ya mama na mito. Ukihisi kope zinashuka, mwite mtu ampokee. Ya pili ni joto: miezi ya kaskazi, vifua viwili vikigusana, baada ya dakika kumi mnatokwa jasho nyote na vipele vinafuata. Ya tatu haionekani mwanzoni. Kifuani mikono haifanyi kazi kubwa. Mtoto wa miezi miwili aliyezoea kifua peke yake huinua kichwa vizuri, kisha hushuka kutafuta ziwa, ananyonya, analala. Mwanangu wa pili alinifanyia mchezo huo wiki nzima nikamwona ana bidii, kumbe ana njaa.

Kwa baba hakuna ziwa la kutafutwa. Ndiyo maana mimi humpa baba zamu ya alasiri.

Mapajani: njia ya bibi

Hii haithaminiwi vya kutosha, pengine kwa sababu haina jina la kitaalamu. Bibi anakaa kitako, miguu kanyoosha, mtoto kamlaza kifudifudi kukatisha mapaja, paja moja kaliinua kidogo ili kichwa kiwe juu kuliko makalio. Mkono mmoja uko mgongoni, unapapasa. Huku anazungumza na jirani bei ya samaki. Mtoto anainua kichwa kumtafuta anayesema. Akichoka, kichwa kinalala kwenye leso.

Ukilinganisha na kifuani, mapajani panashinda kwa gesi. Mtoto mwenye tumbo linalomsokota hutulia hapa kuliko popote, na ule mgandamizo wa paja humsaidia kupumua chini, kama wasemavyo watu wenye adabu. Panashinda pia kwa sababu mlezi hasinzii, amekaa. Na kwa mama aliyezaa kwa kupasuliwa, ambaye kifuani mateke ya mtoto yanamgonga mshono, paja ni afueni kubwa.

Panashindwa kwa muda. Mapaja hufa ganzi. Na usimlaze hapo mara tu baada ya kunyonya, atakucheulia maziwa yote; subiri kama nusu saa.

Ndugu ya njia hii ni kumlaza juu ya mkono: kifua kwenye mkono wako wa kushoto, shavu karibu na kiwiko, kiganja chako kimeshika paja lake, miguu inaning'inia. Ni vile walalavyo paka wetu juu ya kuta za vichochoro mchana wa jua kali. Kwa magharibi, saa ile watoto wote wa mji wanalia kwa pamoja bila sababu, hakuna inayoishinda, na unaweza kutembea naye. Ila kama zoezi, haifiki mbali: anatulia mno.

Mkekani

Ukiniambia nichague moja tu, ni hii. Nasema hivyo mapema ili ujue ninakoegemea.

Sababu ni mikono. Sakafuni hakuna cha kumsaidia: hakuna mteremko, hakuna paja, hakuna ziwa. Akitaka kuona, asukume. Miezi miwili anainua kichwa tu. Karibu na miezi minne anajiegemeza kwenye viwiko, kifua kimeachana na leso. Karibu na sita anasukuma kwa mikono iliyonyooka, kama mtu anayechungulia dirishani. Na viganja, vilivyokuwa ngumi tangu kuzaliwa, vinafunguka kwa kule kubonyeza chini. Nimekaa nikiangalia kidole kimoja kimoja kikiachia: kwanza cha shahada, cha kati, halafu gumba linatoka ndani ya ngumi kama aliyekuwa amejificha.

Lakini mkeka gani? Hapa ndipo watu wanapoharibu, wakisema mtoto hapendi, kumbe hapendi walichomtandikia. Jamvi ni gumu na linakwaruza, mwachie mchuuzi. Mkeka wa ukindu ni mzuri, umetulia na hautelezi sakafuni, lakini ukimlaza juu yake mtupu, dakika tano tu ukimwinua utaona mistari ya ukindu imejichapa kwenye viwiko na shavu. Tandika leso moja iliyokunjwa mara mbili, uivute isiwe na mikunjo. Busati zito nalo linafaa, likiwa safi na halina vumbi. Kitanda cha kamba hapana: kinabonyea katikati, mtoto anazama na pua. Godoro laini hapana. Juu ya mto wa sufi, usithubutu. Anaweza kufukia uso asiweze kujitoa, na zaidi ya hayo hapati kitu kigumu cha kusukuma. Watu humwonea huruma mtoto kwa ugumu wa sakafu, na ugumu huo ndio anaouhitaji.

Jambo dogo ambalo hakuna aliyeniambia: mafuta ya nazi. Sisi hukanda watoto, na mtoto aliyetoka kukandwa ni samaki. Ukimlaza kifudifudi wakati huo viwiko vinateleza pembeni, uso unagonga chini, analia, na kesho yake akiuona mkeka analia kabla. Ama mlaze kabla ya kukandwa, ama mfute mikono.

Kwa mtoto anayeshindwa kabisa, viringisha leso iwe mnene kama mkono wako wa mbele, ipitishe chini ya kifua, usawa wa makwapa, mikono yake ikiwa mbele ya leso. Inamwinua kidogo, anaona dunia, hasira zinapungua. Madukani wanauza mito ya umbo la mwezi mchanga kwa kazi hii. Nilikuwa na mmoja, zawadi, na baada ya wiki ukawa wa kumnyonyeshea. Leso ina faida moja kuuzidi: unaipunguza unene kila baada ya siku chache, mpaka siku moja unaiondoa na mwenyewe hajui.

Ulale chini nawe. Kichanga huona vizuri kilichoko sentimita 20 hadi 30 mbele ya uso wake. Ukimwita umesimama mlangoni, unamwita mtu asiyekuona. Jilaze ukabiliane naye pua kwa pua. Ukichoka, weka leso yenye pindo la rangi kali, nyeusi kwa nyeupe au nyekundu kwa nyeupe, mbele yake. Mwanangu aliangalia jina la leso kwa muda mrefu hivi kwamba mavyaa alisema huyu atakuwa kadhi.

Muda. Anza na dakika moja. Kama anastahimili, tatu hadi tano, mara mbili au tatu kwa siku, kisha uongeze. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema kufikia wiki ya saba jumla iwe dakika 15 hadi 30 kwa siku. Nusu saa ukiisikia ni nyingi. Mimi niliifunga kwenye nepi: kila nikimbadilisha, kabla ya kumvika, namgeuza dakika tatu. Mtoto mchanga hubadilishwa kama mara kumi kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Na wakati ule ni mzuri kwa kuwa ni kabla ya kunyonya. Tumbo liko jepesi.

Akilia? Kuna kilio cha kulalamika na kilio cha kuchoka. Cha kulalamika, mwimbie, mguse mgongo, mpe nukta thelathini zaidi. Cha kuchoka utakijua: kichwa kimelala, hakijaribu tena, uso mwekundu. Mwinue. Kumwacha alie "azoee" kunamfundisha kuuchukia mkeka, basi.

Kasoro za mkeka ziko, na nyingi ni za nyumba zetu. Sisimizi hufika kabla yako palipodondoka tone la maziwa. Watoto wakubwa wakikimbizana hawaangalii chini, kwa hiyo mtandikie ndani ya msana, kile chumba kirefu kinachoelekea kiwanda, pembeni, si kwenye njia ya kutokea ukumbini. Sakafu ya nyumba ya mawe ni baridi asubuhi wakati wa kusi. Na mkeka unahitaji mtu mzima macho wazi muda wote; haiwezekani kumwacha hapo ukaenda kugeuza mkate wa kumimina.

Mgongoni kwa mbeleko

Nimeulizwa na akina mama wawili kama kueleka kunahesabiwa. Nusu. Mtoto aliye mgongoni kisogo chake kimepumzika, na akishaweza kukaza shingo, kila hatua unayopiga inaifanyisha kazi. Lakini mikono imefungwa na hakuna anachosukuma. Mwongozo ule ule wa 2019 unasema mtoto asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, na umetaja waziwazi kufungwa mgongoni kwa mlezi. Kwa hiyo eleka ukienda sokoni, ukirudi mtandikie mkeka. Mtoto mchanga asiyekaza shingo, mbebe mbele umwone uso.

Mito, beseni na kile kigari cha magurudumu

Hivi si mbadala, ingawa vinauzwa na kusifiwa kama mbadala. Kumkalisha mtoto wa miezi mitatu katikati ya mito au ndani ya beseni lenye leso humpa mkao ambao mgongo wake haujaulipia. Anainama kama mzee, anatulia, wageni wanasifu. Hajifunzi kufika pale mwenyewe. Dakika chache za picha, haya. Kwa zoezi, sifuri.

Kigari cha kutembelea nakikataa kabisa. Hakimfundishi mtoto kutembea, kinamfundisha kusukuma kwa ncha za vidole. Kanada walikipiga marufuku 2004 kwa ajili ya watoto waliokuwa wakianguka nacho ngazini. Sasa zitazame ngazi za nyumba ya Kiamu: nyembamba, za mawe, zina mwinuko wa kutisha hata kwa mtu mzima aliyebeba sinia. Nyumba ya namna hiyo na magurudumu havipatani. Nilipewa kimoja na mtu ninayempenda sana na nikakihifadhi juu ya dari, kiko huko hadi leo.

Sasa uchague nini

Hesabu ya hapa kwetu imenisaidia kuliko kalenda ya simu. Siku arobaini za uzazi uko ndani, umelazwa, unalishwa, watu wanakuzunguka. Hizo ni siku za kifua na mapaja: wewe na baba mtoto kifuani, bibi na shangazi mapajani, na dakika moja moja mkekani kila nepi ili mtoto asiuone mgeni baadaye. Arobaini ikitoka, siku mbili mbele ni sindano ya wiki ya sita. Hapo geuza mizani: mkeka uwe chakula, kifua na mapaja yawe kitoweo. Siku ya sindano yenyewe na kesho yake mapaja yake yanauma, usimkandamize sakafuni. Mrudishe kifuani, hakuna atakayekulaumu.

Kama uko peke yako nyumbani na una wakubwa wa kuangalia, anza na mkeka wa nepi, maana ndio usiohitaji mtu wa pili wala saa maalumu. Kama una mshono, paja. Kama mtoto ana gesi au hucheua sana, paja au mkono, kisha mkeka nusu saa baada ya kunyonya. Kama alizaliwa kabla ya miezi kutimia, hesabu umri wake tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa, na mwulize muuguzi kabla ya kumshusha sakafuni.

Usimpime kwa mtoto wa jirani. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wa Ghana, India, Oman na kwingineko, likatoa matokeo 2006: wenye afya nzuri walianza kutembea wenyewe kuanzia miezi 8 hadi karibu 18, na wapo wachache, kama 4 kwa kila 100, ambao hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Nilimsomea mavyaa habari ya Oman, akasema hao ni jamaa zetu, basi wamesema kweli.

Kliniki nenda, bila kungoja sindano inayofuata, ukiona haya: kufika miezi minne kichwa bado kinalegea, mwili mlegevu kama leso iliyoloa au mkakamavu kama ubao, anatazama upande mmoja tu na ukimgeuza shingo analia, au mkono mmoja unasukuma na wa pili umelala. Shingo iliyokaza upande mmoja ikigunduliwa mapema hunyooshwa kwa mazoezi anayofundishwa mama, na huko ndiko unakotaka kugundua, si ukumbini siku ya harusi ya mtu.

Kichwa cha kifungua mimba wangu kilijirekebisha. Alipofika mwaka na nusu ilibidi umjue ndipo ulione lile sikio. Wa pili ana miezi mitano. Jana alasiri nilimtandikia msanani nikakaa pembeni nachambua mchele. Shangazi wa watoto saba alikuwa kajilaza chini naye, uso kwa uso, anamwita kwa ulimi wake wa kwao: "Ndoo, ndoo," yaani njoo. Mimi niliinamia ungo kidogo. Niliposikia kimya nikainua macho, naye tayari ananinyooshea kidole.

"Ndoo umgeuze," akasema kwa sauti ya chini. "Mwana keshalala."